Supu na suqaar za Kisenyi kwa mtu aliyepunguzwa tumbo

Mkahawa ninaouzungumzia uko Kisenyi, Kampala, upande wa Mengo, kwenye mtaa wa Wasomali, na hauna bango. Jina la mwenyewe silitaji. Sikumwomba ruhusa, halafu nina malalamiko mawili matatu ambayo ningependa ayasikie kwangu kabla hajayasoma kwenye simu ya mtu. Ukiteremka kutoka Old Kampala ukauliza wapi wanapika suqaar nzuri, ile nyama ya Kisomali ya vipande vidogo, utaonyeshwa mikahawa minne, mitano iliyofuatana, na karibu yote inapika namna moja. Kwa hiyo haya yatakufaa hata ukiingia kwa jirani yake.

Mimi nauza spea za magari soko la Kisekka. Hapo Kisenyi nimekula mchana kwa miaka mingi, enzi za sahani kamili: bariis, wali wa Kisomali, imerundikwa, paja la mbuzi juu, ndizi mbivu pembeni, soda mbili. Kisha nikafanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, ile ya slivu, kule Nairobi, na bado nakula hapo hapo. Watu wananiuliza inawezekanaje. Nawaandikia wao, na wenzangu waliotoka hospitali na karatasi ya chakula ambayo nusu yake haipatikani masoko ya Owino wala Nakasero kwa bei ya mtu wa kawaida.

Karatasi yangu ilisema jeli isiyo na sukari, jibini laini, mtindi wa Kigiriki, supu ya kuku iliyochujwa. Jibini laini nalitoa wapi mimi? Lakini chini kabisa kulikuwa na hesabu mbili zisizojali uko nchi gani: vinywaji lita moja na nusu kwa siku au zaidi, na protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Hizo ndizo nimezitumia kuupima mkahawa huu. Ladha yao naijua zamani, sina haja ya kuipima.

Kwa asiyejua: kwenye slivu daktari huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Baipasi ni jambo jingine, pale hutengenezwa kimfuko cha kama mililita 30 na utumbo unaungwa upya. Sehemu inayoondolewa kwenye slivu ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya grelini, ile inayokuletea njaa. Basi miezi ya mwanzo unaweza kufika saa kumi jioni hujala wala hujakumbuka kula, na mbaya zaidi hujanywa. Na ukikumbuka, ukataka kufidia kwa kubugia glasi nzima, kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, na pengine yote yanarudi. Maji huwezi kuyalipa kwa mkupuo jioni. Kupungukiwa maji ni moja ya sababu kubwa zinazowarudisha watu hospitali wiki za mwanzo baada ya operesheni hii. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, ukisimama dunia inazunguka, mdomo umekauka na kichwa kinagonga, mwili umeshachelewa kukwambia.

Sasa supu. Kwa Wasomali supu haiagizwi. Unakaa, bakuli linakuja. Ni maji ya mifupa ya mbuzi yaliyochemka tangu alfajiri, yana bizari, iliki na kotimiri, na pembeni wanakuwekea kipande cha ndimu na kibakuli cha pilipili ya kijani iliyosagwa. Ukiagiza chakula supu ni bure. Ukitaka supu peke yake utalipa shilingi 3,000, na mimi wakinijazia chupa ya chai ya nusu lita wananitoza 5,000, bei ambayo naona ni ya haki kwa kitu ambacho mwenzangu wa meza ya pili anakipata bure na anakiacha.

Niliporudi mara ya kwanza nikamwambia kijana anayehudumu aniletee supu kwenye finjani ya kahawa, aache bakuli.

“Hajji, kwani leo tumekaa barazani?”

“Wewe lete tu, walaal.”

Akaleta huku anacheka, na mpishi akachungulia dirishani kuona mteja gani huyo. Siku hizi haulizwi mtu. Nikikaa, finjani inakuja na birika dogo la supu, na kijana ameshajifunza kuengua mafuta ya juu kabla hajamimina, maana yale mafuta ya mbuzi yakikukuta tumbo bado changa ni kichefuchefu moja kwa moja. Finjani moja nilikwenda nayo dukani nikaipima kwa bomba la sindano: mililita 60 hadi ukingoni. Finjani nane, basi, ni karibu nusu lita. Namna yangu ni hii: funda moja dogo, finjani chini, najibu ujumbe wa mteja mmoja kwenye simu, halafu funda jingine. Wateja wa spea wana maswali mengi, kwa hiyo supu huisha bila haraka.

Kwa nini supu na si maji tu? Kwanza ni vuguvugu. Wengi wetu maji matupu ya baridi hayashuki vizuri miezi ya mwanzo, yanakaa kifuani kama yanasubiri kuitwa. Pili ina chumvi, na mtu anayetokwa jasho siku nzima kwenye soko la mabati anahitaji chumvi pamoja na maji. Lakini kama una presha, hilo la chumvi liulize kwa daktari wako, tena mapema, kwa sababu dawa za presha, hasa zile za kukojoza, mara nyingi hupunguzwa baada ya operesheni. Kuendelea na dozi ya zamani huku unakunywa kidogo ni njia fupi ya kuanguka chini. Ndimu haina shida kwangu. Pilipili niliiacha miezi ya mwanzo na sasa naigusa kwa ncha ya kijiko.

Kwa upande wa vinywaji, basi, mkahawa huu nauweka juu sana. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndiyo sababu nimeamua kuandika: supu ile ni kinywaji. Si chakula.

Shemeji yangu wa Bombo, mwanamke mwenye moyo mzuri, alinipikia mulokoni, supu ya kwato za ng’ombe, wiki nzima akisema “kunywa supu, ina nguvu.” Wazee wetu wote husema hivyo. Ukweli ni kwamba maji ya mifupa yaliyochujwa yana protini kidogo, gramu chache kwa kikombe, na sehemu kubwa ya hiyo kidogo ni jelatini, ile inayoifanya supu igande ikipoa. Jelatini haina triptofani kabisa, na triptofani ni mojawapo ya vitu ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Kwa hiyo unaweza kunywa supu tamu kutoka asubuhi hadi jioni, ukojoe vizuri, ujisikie mzima, na huku misuli inayeyuka pamoja na mafuta. Nywele kupukutika mwezi wa tatu, wa nne, hutokea kwa wengi hata wakila vizuri, kwa sababu mwili umeshtuliwa na operesheni na uzito unaporomoka. Protini au madini ya chuma yakipungua, hupukutika zaidi.

Ndiyo maana mimi huenda pale na kijaluba changu mfukoni. Ndani yake mna unga wa mukene, dagaa wa ziwani.

Kisenyi hiyo hiyo ina vinu, mashine zinanguruma mchana kutwa na vijana weupe kwa unga wa mahindi hadi kope. Mukene nanunua mwenyewe, naichambua, napeleka isagwe. Mambo mawili uyaangalie. La kwanza, mukene iliyoanikwa juu ya mchanga inabaki na mchanga, na mchanga ukisagwa hauondoki, utausikia menoni. Tafuta iliyoanikwa kwenye vyavu au vichanja, ni ghali kidogo lakini safi. La pili, uliza kinu hicho kinasaga nini kingine. Mukene nyingi ya Uganda huenda kwenye chakula cha kuku, na baadhi ya mashine husaga hiyo. Mimi huenda kwenye kile wanachosagia unga wa uji wa watoto, na husubiri wamalize mzigo mmoja wa mahindi ndipo waingize wangu.

Mukene iliyokauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kijiko kikubwa kimoja cha gramu 10 kinakupa kama gramu tano au sita. Vijiko viwili nikikoroga kwenye supu, pale tu supu ile inapoanza kustahili kuitwa chakula. Harufu ipo, sikufichi. Meza ya jirani watageuka. Ndimu na kotimiri vinasaidia, na kijana wa mkahawa siku hizi huniwekea ndimu mbili bila kuambiwa.

Nimejaribu pia zile poda za protini za kopo zinazouzwa kwenye maduka ya mazoezi na baadhi ya famasi mjini. Zinafanya kazi, sizisemi vibaya: kijiko chao kimoja kwa kawaida ni gramu 20 hadi 25 za protini, na wiki ambazo unakunywa tu bila kutafuna hakuna mukene itakayokufikisha huko kirahisi. Lakini kopo kubwa ni zaidi ya laki mbili, utamu wake unakinaisha, na soma nyuma ya kopo kabla hujalipa. Yapo yenye picha ya mtu mwenye misuli mbele na sukari ikiwa ya kwanza kwenye orodha nyuma. Uji wa soya wa vinuni ni wa bei nafuu, ila wenye mashine wakikuchanganyia wenyewe wataweka mahindi kibao. Peleka soya yako ikiwa imekaangwa tayari. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaovimaliza.

Suqaar ndiyo sababu ya pili ya kuusifu mkahawa huu. Ni nyama ya ng’ombe iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho, ikakaangwa na vitunguu, hoho na nyanya kidogo. Kwa tumbo lililokatwa, ukubwa wa kipande ni nusu ya matibabu. Paja la mbuzi la kuchoma, lile nililokuwa nalipenda, ni kavu na lina nyuzi; likikwama hapa chini ya kifua utajuta, utakaa unatema mate yenye povu huku watu wanadhani umelishwa sumu. Suqaar inatafunika hadi iwe uji mdomoni. Mwambie mpishi aiache na mchuzi wake, asiikaushe. Mimi nakula kama gramu 60, hiyo ni protini kama gramu 16, na nimeshiba hadi alasiri. Samaki wao wa kuchemsha, wakiwa naye, ni laini zaidi, lakini hawana kila siku, na yule wa kukaanga ana ganda la mafuta ambalo lazima ulivue.

Bariis sigusi mpaka nyama imekwisha, na ikiisha huwa hakuna nafasi. Anjera, chapati yao ya maji, naiogopa: ni laini mkononi, ikifika ndani inanata. Ndizi naiacha kwa mtoto wa meza yoyote iliyo karibu.

Hesabu ya siku yangu ya kawaida, kwa anayetaka kujua kama gramu 60 zinafikika bila kopo la laki mbili, ni hivi. Yai moja asubuhi ni sita. Kikombe cha bongo, maziwa mgando, ni nane, na cha maziwa baadaye nane. Suqaar ya mchana kumi na sita, mukene kwenye supu kumi na moja, kipande cha samaki ngege usiku kama kumi na tano. Hapo ni 64. Ukikosa kitu kimoja umeshashuka chini ya mstari, kwa hiyo si rahisi, lakini hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji duka kubwa la kioo. Matoke, nayapenda kama Muganda yeyote, hayamo kwenye hesabu kwa sababu yana protini kama gramu moja tu kwa kila gramu mia.

Sasa shida ya mkahawa. Kwa Wasomali ukarimu ni kukuwekea vyote kwa pamoja: supu, chakula, juisi, chai, vinakuja mezani kama mafuriko. Sisi tumekatazwa kunywa tunapokula, na baada ya kula tusubiri kama nusu saa ndipo tunywe. Nafasi ni ndogo. Ukijaza maji chakula hakiingii, au kinasukumwa chini upesi na njaa inarudi kabla hujatoka mlangoni. Nilichofanya ni kuutumia mchana wenyewe. Nafika kabla ya adhuhuri, nakunywa supu yangu kwa finjani, adhana inaita, naenda msikitini. Nikirudi nusu saa hivi imepita, suqaar ipo mezani, nakula kavu. Kisha naondoka na chupa iliyojazwa na kuanza kuinywa nikiwa dukani, mteja wa tatu au wa nne akiwa ameshanikasirisha. Asiyeswali atatafuta shughuli nyingine ya nusu saa, Kisenyi haikosi.

Hiyo ratiba ina kasoro yake. Baada ya swala kila mtu anaingia kwa pamoja na meza zinagombaniwa. Mimi sahani ndogo inanichukua dakika 25, maana natafuna na kusubiri, na wao wanataka meza. Imetokea kijana anafuta meza kwa kitambaa hadi ukingoni mwa sahani yangu, nyama ingalipo, na bwana mmoja amesimama nyuma ya kiti changu anapumua. Ukiharakishwa utameza kipande kizima, na tumbo hili halisamehe. Kaa meza ya nyuma karibu na pa kunawia mikono. Haipendwi na mtu kwa sababu ya maji yanayoruka, na huko utaachwa.

Lalamiko la pili ni mwenye keshi. Sahani ya suqaar na bariis ni 15,000. Nilimwomba nusu sahani, akasema nusu haipo. Nikamwomba suqaar bila bariis kwa bei ndogo, akasema haiuzwi hivyo. Tumebishana kiungwana, kila mtu na tasbihi yake mkononi, na nimeshindwa. Nalipa zote, bariis na nyama iliyobaki wananifungia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, na kijana wangu wa dukani amenenepa. Jamani, wenye mikahawa, nusu sahani si tusi. Watu waliofanyiwa operesheni hizi wanaongezeka, wazee wapo, wenye kisukari wapo. Wekeni nusu kwa elfu tisa na mtauza zaidi.

La tatu si kosa lao, ni upendo. Ukiacha chakula mama mwenye mkahawa anakuja mwenyewe. “Hajji, leo tumeharibu nini?” Nilimweleza mara moja, kwa kirefu, kwamba nimekatwa tumbo. Alinitazama kwa huruma kubwa, akasema “pole sana, Mungu akuponye,” akaongeza kipande cha nyama. Sasa namwambia tu daktari amekataza, nalo hilo analiheshimu.

Chai yao, shaah, ni nzuri na ni hatari. Sukari imejaa. Aliyefanyiwa baipasi akinywa kikombe kile anaweza kupata ile hali ya moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kukata na kukimbilia choo, kwa sababu sukari inaingia kwenye utumbo yote kwa wakati mmoja. Mwenye slivu naye si kwamba amesalimika. Juisi ya embe ni hivyo hivyo, na pia inateleza bila kushibisha, ndiyo inayorudisha kilo kimyakimya. Soda iache, ile gesi haina pa kwenda. Ukitaka shaah waambie bila sukari, wataitengeneza ingawa watakuonea huruma. Na usiinywee vidonge vya madini ya chuma: chai inazuia chuma kufyonzwa, maziwa nayo yana kalisi, na chuma na kalisi inabidi viachane angalau saa mbili. Vitamini ni za maisha yote baada ya operesheni hizi, B12 ikiwemo, na hakuna supu ya mbuzi inayozibadili.

Ramadhani mkahawa hufunga mchana, kama inavyotarajiwa, na hufungua kwa futari. Mwaka wangu wa kwanza daktari alinikataza kufunga. Lita moja na nusu haiwezi kuingia kwa mafunda kati ya magharibi na usingizi, ukizingatia na chakula na tarawehe. Mwezi ule nilibeba chupa yangu kutoka nyumbani na kunywa nyuma ya pazia la duka, kwa adabu. Nyinyi muulizeni daktari wenu, na shehe wenu pia, msichukue fatwa kwa muuza spea.

Mtu wa wiki za mwanzo asiende kabisa, hata kwa supu. Siku za kwanza ni vinywaji vyepesi visivyo na chembe, kisha vinywaji vizito kidogo, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vyakula laini, na chakula cha kawaida kwa wengi huanza wiki ya sita au ya nane, kufuatana na daktari wako. Supu ya mkahawani ina vipande, ina mafuta, na hujui imekaa saa ngapi. Tuma mtu akupikie nyumbani, achuje kwa kitambaa. Na kama unatapika kila siku, siku kadhaa mfululizo, usitafute supu nyepesi zaidi, nenda hospitali. Kutapika hivyo humaliza vitamini B1 mwilini haraka, na ikiisha inaathiri ubongo na neva: macho kuona viwili viwili, mwendo wa kuyumba, kuchanganyikiwa. Waambie wazi kwamba ulipunguzwa tumbo, kwa sababu dripu ya glukosi ikitangulia kabla ya B1 inaweza kuzidisha tatizo. Ukiumwa mgongo au kichwa, usipokee diklofenaki au ibuprofeni kaunta bila kumuuliza daktari wako, hasa wewe wa baipasi, zinachimba vidonda.

Kwa anayekwenda: Jumatatu hadi Alhamisi, saa tano na nusu mchana, meza ya nyuma. Ijumaa usiende kabla ya saa tisa, umati unaotoka msikitini utakumeza. Agiza supu kwa finjani, iliyoenguliwa mafuta, pilipili mbali. Suqaar yenye mchuzi, bila haraka. Bariis kwenye kavera. Na chupa yako iwe ya mdomo mpana, kwa sababu wao wanamimina kwa upawa, na upawa wao ni mkubwa, ile ya mdomo mwembamba itakuunguza vidole.